Kujifunza Kiingereza cha Kidiplomasia kwa Hotuba za Viongozi

Msamiati wa kidiplomasia wa Kiingereza haueleweki vyema kwa kukariri orodha ya maneno. Mengi ya maneno hayo ni ya kila siku, na maana zake zimo katika kamusi yoyote. Kinachomtatiza mwanafunzi ni uzito wa neno: kwa nini kiongozi amelichagua hili na kuliacha lile linalokaribiana nalo. Jibu la swali hilo hupatikana katika hotuba, kwa kuwa humo neno huonekana pamoja na msemaji wake, hadhira yake na matokeo yake. Kwa sababu hiyo, maneno ya kidiplomasia hufaa kujifunzwa mawili mawili: lililotamkwa na lililoepukwa.

"Quarantine" na "blockade"

Tarehe 22 Oktoba 1962, Rais John F. Kennedy alilihutubia taifa la Marekani kuhusu makombora ya Kisovieti yaliyokuwa yakiwekwa Kuba. Alitangaza kwamba meli zinazopeleka silaha za kushambulia kisiwani humo zingerudishwa. Hatua hiyo aliiita "quarantine", yaani karantini, neno ambalo wengi hulijua katika habari za maradhi. Neno la kawaida la kuzuia meli zisiingie katika nchi ya adui ni "blockade", lakini sheria ya kimataifa huhesabu "blockade" kuwa kitendo cha vita. Kwa kuliepuka, Kennedy alionyesha nguvu bila kutangaza vita, na akaeleza pia kwamba mahitaji ya lazima ya maisha hayangezuiwa.

Mfasiri anayeandika kwamba Marekani "iliizingira Kuba" huenda akawa ameeleza kilichotokea baharini, lakini amelifuta chaguo la msemaji. "Iliweka karantini" huweza kumshangaza msomaji kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, mshangao huo ni sehemu ya maana, nao huondolewa kwa sentensi moja ya maelezo.

"Genocide" na "acts of genocide"

Mwezi Juni 1994, mauaji yalipokuwa yakiendelea Rwanda, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alikubali kwamba "acts of genocide" zilikuwa zimetokea. Alipoulizwa ni matendo mangapi kama hayo yanayotimiza "genocide", alijibu kwamba hakuwa katika nafasi ya kulijibu swali hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 huzifunga nchi wanachama kuyazuia mauaji ya kimbari na kuyaadhibu. Kulitamka neno lenyewe, bila kulitanguliza neno "matendo", kungelifufua swali la wajibu huo.

Tarehe 25 Machi 1998, Rais Bill Clinton alihutubia mjini Kigali na kukiri kwamba uhalifu ule haukuitwa mapema kwa jina lake la haki. Hotuba hizi mbili zikisomwa pamoja, humfunza mwanafunzi kwamba neno dogo linaloongezwa mbele ya istilahi huweza kuipunguzia nguvu yote. Katika kufasiri, "matendo ya mauaji ya kimbari" na "mauaji ya kimbari" yasibadilishane nafasi hata kidogo.

"Regret" na "apology"

Wawili hawa ndio wanaowakosesha wafasiri wa Kiswahili mara nyingi zaidi. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisema Bungeni kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni katika kipindi cha Mau Mau, na kwamba "inasikitika kwa dhati" kwa kutokea kwa hayo. Alitangaza makubaliano ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Katika kauli hiyo hiyo alisema kwamba serikali inaendelea kukana dhima ya kisheria. Neno "apology" hakulitumia kueleza msimamo wa serikali.

Tofauti hii imo pia katika sheria. Kanuni za uwajibikaji wa mataifa, zilizokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2001, zinataja katika kifungu cha 37 njia mbalimbali za kumridhisha aliyekosewa. Miongoni mwake mna kukiri kosa, kueleza masikitiko, na kuomba radhi rasmi. Kila njia imetajwa peke yake.

Kwa jambo hili Kiswahili kina nyenzo nzuri, pengine kuliko Kiingereza chenyewe. Mwingereza husema "sorry" kwa aliyefiwa na kwa aliyekanyagwa mguu. Mswahili humwambia wa kwanza "pole" na wa pili "samahani" au "niwie radhi". "Pole" huweza kutolewa na yeyote. "Samahani" hutolewa na mkosaji. "Regret" ya kidiplomasia hukaa upande wa "pole", na "apology" upande wa "samahani". Kuifasiri "regret" kwa "kuomba msamaha" ni kumtia msemaji kinywani ungamo ambalo hakulitoa, na kumpa mzee aliyeteswa jibu ambalo hajajibiwa.

Hata "majuto" huhitaji uangalifu. Methali husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Majuto ni ya yule aliyetenda, na humrudia yeye. "Masikitiko" hayalazimishi hivyo. Pale muktadha unapokana dhima, "masikitiko" ndiyo salama zaidi.

Tarehe 31 Oktoba 2023, jijini Nairobi, Mfalme Charles alitumia "sorrow" na "regret", akaongeza kwamba kwa ukatili uliotendwa hapawezi kuwa na "excuse". Neno hili la mwisho lifasiriwe "udhuru", yaani sababu inayokubalika. "Kisingizio" ni sababu ya uongo, nayo hubadilisha maana. Lugha yake ilikuwa nzito kuliko ya Hague, lakini ombi rasmi la radhi halikuwamo. Siku iliyofuata, mjini Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani, akizungumza kwa Kijerumani, aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa waliomsikiliza katika Vita vya Majimaji. Hapo "kuomba msamaha" ndiyo tafsiri sahihi, kwa kuwa ndivyo alivyosema. Mfasiri aliyekwisha kuandika "ameomba msamaha" kwa habari ya Nairobi hana tena neno la kuitofautishia Songea.

Namna ya kuisoma hotuba

Mwanafunzi aanze na matini rasmi ya hotuba, si muhtasari wa vyombo vya habari, kwani vichwa vya habari hupenda kurahisisha. Apigie mstari kila kitenzi ambacho serikali ndiyo mtendaji wake. "Recognise" ni kutambua, "admit" ni kukiri. "Condemn" ni kulaani, "deplore" ni kusikitikia kwa ukali. Kando ya kila kitenzi aandike kile kilichoepukwa, kisha ajiulize ni wajibu gani, deni gani au vita gani vingefuata kama kingetumika.

Mwisho, aifasiri sentensi kwa Kiswahili, aiweke kando siku moja, kisha airudishe katika Kiingereza bila kutazama asili. "Regret" ikirudi ikiwa "apology", kosa liko katika Kiswahili chake, na bado lina nafasi ya kusahihishwa kabla halijamfikia msomaji.