Kikohozi Kikavu na Dawa ya Mkono wa Kulia

Baridi ikishaingia hapa Uingereza, hosteli nzima huwa ni kukohoa tu. Wengi wetu tunakimbilia duka la dawa na kubeba chupa ya kwanza tunayoiona. Jamani, tusome kwanza maandishi ya nyuma.

Kwa miaka mingi kikohozi kikavu kilitulizwa kwa dawa za jamii ya afyuni, kama kodeini na folkodini. Folkodini iliondolewa madukani hapa Machi 2023, maana aliyewahi kuitumia anaweza kupata mzio mkali akipewa dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Dawa ya maji ya kodeini nayo, tangu 2024, haiuzwi bila cheti cha daktari. Iliyobaki kwa wingi ni dekstromethofani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1958. Kwenye boksi tafuta neno linaloanza na "dextro", yaani kulia.

Mimi ni mtu wa mashine, si daktari, lakini hapa ndipo panaponivutia. Molekuli hii ina pacha wa kushoto. Wanafanana kama glavu mbili: atomu zilezile, zimeungana vilevile, ila mmoja ni sura ya mwenzake kwenye kioo. Wa kushoto ni opioidi kali. Wa kulia, kwa dozi ya kawaida, hafungui kufuli hiyo. Anaufanya ubongo usiwe mwepesi kuamrisha kikohozi, basi. Nafuu yenyewe, kusema kweli, ni ndogo. Asali na maji moto ya limau mara nyingi vinatosha. Na kama kifua kina makohozi, yaache yatoke.

Tahadhari kubwa ni hii: ukiichanganya na baadhi ya dawa za sonona, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi. Mtu anatetemeka, anapata homa, moyo unakwenda mbio, na anaweza hata kufa. Najua wengi hatupendi kutaja kwamba tunameza dawa hizo. Mwambie mfamasia. Maduka mengi yana chumba cha faragha, na humo hamna shangazi wa kupeleka habari nyumbani.

Kikohozi kikipita wiki tatu, weka chupa chini, nenda kwa GP. Hata kama picha ya kifua uliyopiga kwa ajili ya viza ilikuwa safi, kifua kikuu kinaweza kujitokeza baadaye, na matibabu yake hapa ni bure, viza yako iwe ya aina yoyote.