Vita Vilivyopewa Jina la Mkataba wa Amani

Ni nadra vita kuitwa kwa jina la amani. Hata hivyo, waasi waliojitokeza huko Kivu ya Kaskazini mwezi wa Mei 2012 walijiita M23, yaani Harakati ya tarehe 23 Machi: siku ile ya mwaka 2009 ambapo serikali ya Kongo na CNDP, kundi lililoongozwa awali na Laurent Nkunda, walitia sahihi mkataba mjini Goma.

Kiswahili chenyewe hutenganisha mambo mawili hapa. Mkataba latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Mapatano latokana na kitenzi patana, chenye kiambishi -an- kidaicho watu wanaotendeana. Cha kwanza huweza kukamilika kwa siku moja. Cha pili hakina budi kutendwa.

Mkataba wa Goma uliahidi kwamba CNDP itageuka chama cha siasa, askari wake wataingizwa katika jeshi la taifa na polisi, vyeo vyao vitatambuliwa, na wakimbizi walio nchi jirani watarejea. Katika karatasi, jeshi moja lilizaliwa. Katika milima ya Masisi, la. Wengi wa askari hao walikataa kuhamishiwa mikoa mingine, wakabaki chini ya makamanda walewale, wakimtii Bosco Ntaganda, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata tangu 2006. Kilichobadilika ni sare. Serikali ilipotaka kuwatawanya mwaka 2012, jeshi la zamani lilikuwa tayari ndani ya lile jipya, na silaha mikononi.

Waasi walidai kwamba serikali haikutimiza mkataba. Dai hilo halikuwa uongo mtupu, kwani kurudi kwa wakimbizi kulikuwa kumekwama. Lakini lilitolewa na watu ambao wenyewe hawakuvunja safu zao. Tena Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja mwaka 2012 kuwa iliwasaidia waasi, nayo ikakanusha, haikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

M23 iliiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012, ikashindwa vitani mwaka uliofuata, na tarehe 12 Desemba 2013 matamko yakasainiwa Nairobi: msamaha, kupokonywa silaha, kurejea kwa wakimbizi. Novemba 2021 wapiganaji wakaibuka upya, na Januari 2025 Goma ikaanguka mara ya pili. Walisema kwamba ahadi za Nairobi hazikutimizwa.