Namboodiripad wa Kerala: Mkomunisti Aliyepita Chuo cha Kanisa



Katika maparokia yetu si jambo geni kukutana na padre au sista anayetoka Kerala, kusini-magharibi mwa India. Ukristo wa huko ni wa kale sana. Mapokeo yao yanasema Injili ililetwa na Mtume Tomaso mwenyewe mwaka 52. Lakini Kerala hiyohiyo, mwaka 1957, iliwachagua wakomunisti kwa kura halali waongoze serikali.

Sisi tunaosoma falsafa hukutana na Karl Marx darasani kama hoja ya kuchambuliwa na kujibiwa. Kerala inatuonyesha hoja hiyo ikiwa na ofisi, sheria na polisi, na inatuonyesha Kanisa likilazimika kuijibu mchana kweupe. Ndiyo maana tumeona vema kumtazama E. M. S. Namboodiripad, mtu aliyekuwa katikati ya mambo hayo. Tunaposema "jimbo" hapa chini, tuna maana ya jimbo la kiserikali, si la Kanisa.

Kijana wa tabaka la juu

Namboodiripad alizaliwa tarehe 13 Juni 1909 huko Elamkulam, eneo la Malabar, katika familia ya Wabrahmini wa ukoo wa Kinamboodiri. Hao ndio waliokuwa juu ya matabaka yote ya Kerala, na walimiliki ardhi nyingi. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyeruhusiwa kuoa ndani ya tabaka. Wanawake wao waliishi wakifichwa ndani, na watu wa matabaka ya chini walipaswa kukaa mbali nao wasije wakawatia "unajisi."

Utotoni alifundishwa maandiko ya Veda. Alipokua alijiunga na vijana wa Kinamboodiri waliotaka desturi hizo zibadilike. Kisha akaingia Chuo cha St. Thomas mjini Thrissur, chuo cha Kanisa Katoliki. Mwaka 1932 aliacha masomo akajiunga na harakati za Gandhi za kuwapinga Waingereza, akafungwa gerezani. Mwaka 1934 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la kisoshalisti ndani ya chama cha Congress, na baada ya miaka michache akawa mkomunisti. Aliuza urithi wake na fedha akazitoa kwa chama. Alikuwa na kigugumizi, na inasimuliwa kwamba alipoulizwa kama hugugumia siku zote, alijibu kuwa hapana, ni pale tu anapozungumza.

Serikali ya 1957

Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba 1956 kwa kuunganisha maeneo ya watu wanaosema Kimalayalam. Katika uchaguzi wake wa kwanza, Chama cha Kikomunisti kilipata viti 60 kati ya 126, na kwa msaada wa wabunge wachache wasio na chama kikapata wingi. Tarehe 5 Aprili 1957 Namboodiripad aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi.

Haikupita wiki moja, serikali yake ikapiga marufuku kuwafukuza wakulima waliopanga mashamba ya mabwana. Baadaye ikaandaa sheria ya kuweka kikomo cha ardhi ambayo familia moja inaweza kumiliki. Lakini moto mkubwa ulitoka kwenye sheria ya elimu. Waziri wa Elimu alikuwa Joseph Mundassery, mzaliwa wa familia ya Kikatoliki, ambaye mwenyewe aliwahi kufundisha katika chuo kilekile cha Thrissur.

Tuzitazame pande zote mbili kwa haki. Shule nyingi za Kerala zilikuwa za watu binafsi na za mashirika ya dini, huku zikipokea ruzuku ya serikali. Walimu walilalamika kwamba mishahara ni midogo na kwamba ajira yao iko mikononi mwa meneja. Sheria mpya ilitaka walimu walipwe na serikali moja kwa moja, na waajiriwe kutoka orodha iliyoandaliwa na tume ya utumishi. Pia iliipa serikali uwezo wa kuzitwaa shule zisizoendeshwa vizuri.

Kwa mwalimu wa kijijini, hiyo ilikuwa habari njema. Kwa maaskofu, serikali isiyomwamini Mungu ilikuwa inajipatia ufunguo wa darasa. Katiba ya India, kifungu cha 30, inawapa watu wa dini zenye waamini wachache haki ya kuanzisha na kuendesha shule zao. Rais aliipeleka sheria Mahakama Kuu Kabisa ya India, na mwezi Mei 1958 mahakama ikaona kwamba baadhi ya vipengele vilivunja haki hiyo. Sheria ikarekebishwa, ikasainiwa mwaka 1959. Kwa hiyo hofu ya Kanisa ilikuwa na msingi, na mahakama ilikwisha kuonyesha kwamba palikuwa na njia ya kuitetea haki bila vurugu.

Mwezi Juni 1959

Hata hivyo mambo hayakuishia mahakamani. Tarehe 12 Juni 1959 yalianza maandamano yaliyoitwa "Mapambano ya Ukombozi." Kanisa Katoliki lilisimama pamoja na chama cha Wanair kilichoongozwa na Mannath Padmanabhan, pamoja na Congress na Muslim League. Wengine walitetea shule. Wengine walitetea mashamba yao. Waliandamana bega kwa bega, na kutoka nje ilikuwa vigumu kuwatofautisha.

Polisi wa serikali iliyojiita ya wanyonge wakawafyatulia wanyonge risasi. Huko Angamaly, tarehe 13 Juni, watu saba waliuawa. Huko Cheriyathura, pwani, mmoja wa waliouawa alikuwa mwanamke mjamzito wa jamii ya wavuvi. Tarehe 31 Julai 1959 serikali kuu ya Nehru iliiondoa serikali ya Namboodiripad. Miaka mingi baadaye Daniel Patrick Moynihan, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini India, aliandika kwamba nchi yake iliipa Congress fedha za kupambana na wakomunisti wa Kerala. Uchaguzi wa 1960 wakomunisti waliupoteza kwa viti, ingawa sehemu yao ya kura iliongezeka.

Padre aliyebadili upande

Katika viongozi wa upinzani dhidi ya wakomunisti alikuwamo Padre Joseph Vadakkan wa Thrissur. Mwaka 1961 serikali iliyofuata iliwafukuza wakulima maskini ili kupisha mradi wa bwawa la umeme la Idukki. Mkomunisti A. K. Gopalan alifunga kula huko Amaravathi kuwatetea. Padre Vadakkan naye akaenda kusimama na wakulima hao, pamoja na mtu aliyekuwa akimpinga miaka miwili tu kabla.

Namboodiripad aliporudi kuwa Waziri Kiongozi mwaka 1967, akiongoza muungano wa vyama saba, chama cha wakulima na wafanyakazi kilichoanzishwa na padre huyo kilikuwa kimojawapo. Muungano ulivunjika mwaka 1969, lakini sheria ya ardhi ya mwaka huo ilianza kutumika Januari 1970, na wakulima waliopanga mashamba wakawa wamiliki. Namboodiripad aliendelea kuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti (Marxist) kuanzia 1978 hadi 1992, akafariki tarehe 19 Machi 1998.

Tunajifunza nini?

Mwaka 1937 Papa Pio XI aliulaani ukomunisti unaomkana Mungu, na fundisho hilo halijafutwa. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika waraka Pacem in Terris, alitufundisha kutofautisha falsafa yenye makosa na harakati za watu zilizotokana nayo, kwa kuwa harakati zinaweza kubeba madai ya haki. Waraka huo ulitoka miaka minne baada ya Angamaly.

Sisi tunaona kwamba Kanisa la Kerala lilikuwa na haki ya kutetea shule zake. Lakini mkulima asiye na ardhi, aliyeona msalaba katika maandamano yaleyale ya wenye mashamba, angewezaje kujua kwamba msalaba haukuja kumpinga yeye? Na mwalimu aliyelipwa kidogo katika shule ya Kanisa alihitaji kusubiri mkomunisti ndipo asikilizwe?

Waseminari wenzetu, kesho tutakuwa mameneja wa shule na waajiri wa walimu, makatekista na wapishi. Tukitaka kumjibu Marx, tuanze na daftari la mishahara ya parokia.