Begonia inanyauka na udongo umelowa? Usiongeze maji

Kama unauza miche ya maua kando ya barabara au umepanga vyungu barazani, unajua begonia inavyovutia macho. Ni ua la kivulini. Hata misitu ya milima ya Usambara ina begonia zake za porini. Lakini mashina na majani yake yamejaa maji, hivyo ugonjwa ukiingia huenea haraka. Kabla ya kwenda duka la pembejeo, tambua kwanza adui ni nani.

Mmea unanyauka
Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu, mmea una kiu. Ukiwa umelowa, huenda mizizi inaoza, na kila kikombe cha maji unachoongeza kinaharibu zaidi. Chomoa uangalie: mizizi mizima ni myeupe na imara, iliyooza ni ya kahawia na laini. Kama sehemu ya juu bado ni nzima, kata kipande ukipande kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga, ndani ya chungu chenye matundu chini. Udongo wa zamani usiutumie tena kwa maua.

Unga mweupe juu ya majani
Huu ni ubwiri unga, unaoletwa na kuvu. Ondoa majani yaliyoshambuliwa na utenganishe vyungu ili hewa ipite. Dawa ya salfa husaidia ikiwahi, lakini usiinyunyize wakati wa jua kali, itaunguza majani.

Madoa yenye majimaji
Geuza jani. Ukiona vidoa kama vimelowa, ambavyo baadaye vinakuwa vya kahawia na kuzungukwa na umanjano, shuku bakteria. Hakuna dawa ya kuuponya mmea huo. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea: mtu anaonea huruma chungu kimoja, anapoteza kitalu kizima. Ng'oa, choma au fukia mbali. Nawa mikono, futa kisu kwa spiriti, na usichukue vipandikizi kutoka mmea huo. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye udongo, maana matone yanayoruka hubeba bakteria kutoka jani hadi jani.

Wadudu
Ukiona sisimizi wanapanda begonia, chunguza chini ya majani. Mara nyingi wanafuata utomvu mtamu unaotolewa na vidukari, nzi weupe, au wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba. Hao wa pamba, wakiwa wachache, waguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Kwa wengine, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali na lita 1 ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja, subiri siku mbili, ndipo unyunyize jioni, hasa chini ya majani. Rudia baada ya wiki.

Majani machanga yakijikunja na kuwa magumu, huenda ni utitiri, ambao hauonekani kwa macho. Huo unahitaji dawa ya utitiri. Dawa nyingi za wadudu haziuui.

Ukilazimika kununua dawa, chagua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, soma lebo na uvae glovu. Usinyunyize tu dawa iliyobaki shambani kwenye nyanya. Na kila mche mpya unaoletwa nyumbani, utenge wiki mbili kabla ya kuuchanganya na mingine.