JE, SOSEJI YA NGURUWE INAJENGA MWILI?



Tunapopita nyumba kwa nyumba, akina mama wengi hutuuliza: je, soseji ni chakula kizuri kwa mtoto aliyepungua uzito? Swali hili lina sababu. Wengi wetu tuna ndugu wanaoishi Kampala, na wakija kututembelea huleta pakiti ya soseji kama zawadi. Wengine, tukienda mjini kwa matibabu au kufuatilia karatasi, tunazikuta zinauzwa kando ya barabara, zimekaangwa na kupangwa kwenye sanduku la kioo. Ladha yake ni nzuri na bei yake si ndogo, ndiyo maana mtu hudhani zina nguvu kuliko maharagwe ya kila siku. Tuangalie pamoja kilichomo ndani.

SOSEJI HUTENGENEZWAJE?

Nyama ya nguruwe husagwa pamoja na mafuta yake, kisha huchanganywa na chumvi, viungo na maji, na mara nyingi unga wa ngano, mkate mkavu uliosagwa au soya. Mchanganyiko huo hujazwa ndani ya utumbo uliosafishwa au ngozi nyembamba ya kiwandani. Kwa hiyo ukinunua kilo moja ya soseji, hukununua kilo moja ya nyama.

KUNA NINI NDANI YAKE?

Viwango hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Lakini gramu 100 za soseji mbichi, yaani soseji mbili za ukubwa wa kawaida, mara nyingi huwa na:

- Nishati: karibu kalori 300.
- Protini, ambayo hujenga mwili: gramu 12 hadi 15.
- Mafuta: gramu 20 hadi 30.
- Chumvi: gramu 1.5 hadi 2.
- Vitamini B1 na B12, madini ya chuma na zinki kwa kiasi.
- Nyuzinyuzi, vitamini A na vitamini C: kidogo sana au hakuna.

Maana yake ni hii: soseji moja ina protini karibu sawa na yai moja, lakini mafuta yake ni mara mbili ya yai au zaidi. Zaidi ya nusu ya nishati yake hutoka kwenye mafuta. Soseji si sumu, na nyama yake ina faida. Ila ni chakula cha mafuta na chumvi kwanza, na cha kujenga mwili baadaye.

LINGANISHA NA VYAKULA VYETU

Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini zaidi ya gramu 20, mafuta gramu 1 au 2 tu, na nyuzinyuzi nyingi. Tena yakipikwa huvimba na kushibisha watu zaidi. Karanga zina protini karibu gramu 25. Dagaa wakavu, ambao hapa Uganda huitwa mukene na wengine wetu huwaita ndagala, wana protini zaidi ya gramu 50, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao humpa mtoto kalisi pia.

Ni kweli kwamba madini ya chuma ya nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya maharagwe. Dawa yake ni ndogo: kula maharagwe pamoja na limau, chungwa au nyanya, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Hivyo mama mwenye shilingi chache, unga wa dagaa ndani ya uji utamsaidia mwanao kuliko pakiti ya soseji. Na wale ambao dini yao inakataza nguruwe wasiwe na wasiwasi: hakuna kirutubisho katika soseji kisichopatikana kwenye chakula kingine.

NANI AWE MWANGALIFU?

Wenye presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Ukila soseji tatu asubuhi umekwisha kumaliza karibu nusu, kabla hujagusa mboga ya mchana.

Watoto wadogo. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe. Kwa mkubwa kidogo, usikate vipande vya mviringo kwa sababu vinaweza kuziba koo. Pasua kwa urefu, kisha katakata vidogo.

Wanaokula kila siku. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama iliyosindikwa, soseji ikiwemo, inaweza kuleta saratani ya utumbo mpana. Kula gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa karibu asilimia 18. Hii haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari ndogo iliyokuwepo inaongezeka kiasi hicho. Anayekula mara moja moja asiogope.

TEGU NA KIFAFA

Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu anaweza kubeba vifuko vya mnyoo uitwao tegu. Ukila nyama yake isiyoiva, mnyoo hukua tumboni mwako. Mayai yake hutoka kwa choo, na mikono michafu huyapeleka kwenye chakula cha familia. Yakimezwa huanguliwa, na mabuu yake yakifika kwenye ubongo huweza kuleta kifafa. Huu ni ugonjwa unaotibiwa hospitali. Si uchawi wala laana. Basi tumia choo, nawa kwa sabuni, na fungia nguruwe wako.

UKINUNUA KAMPALA

1. Soma pakiti. "Pork" ni nguruwe, "beef" ni ng'ombe. Kilichoandikwa kwanza kwenye orodha ndicho kingi zaidi. Ukiona "sodium", zidisha mara 2.5 upate chumvi.
2. Angalia tarehe ya mwisho na alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.
3. Soseji mbichi hukaa kwenye baridi. Basi la kwenda Mbarara huchukua saa nne au zaidi, na bado kuna njia ya kufika Nakivale. Zikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, vijidudu huzaliana. Bila chombo chenye barafu, usizisafirishe. Mwambie ndugu yako alete karanga au dagaa.
4. Pika mpaka ndani pasibaki rangi ya waridi. Usiongeze mafuta mengi kwenye kikaango. Zenyewe hutoa mafuta.
5. Usiongeze chumvi. Kula pamoja na dodo, lengalenga au mboga nyingine za majani.

Ukiona mtoto anapungua uzito, usimtibu kwa soseji. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkono na uzito mapema. Na mwenye kifafa asifichwe nyumbani. Mwone mhudumu wa afya wa eneo lako akuelekeze.

Kinga ni bora kuliko tiba.