Tuutembee Mto Njoro, Kutoka Msituni Hadi Ziwani

Wengi wetu huku Nakuru twaujua Mto Njoro mahali pamoja tu. Mtu wa Nessuit anaujua pale anapovukia. Mama wa Njoro mjini anaujua pale punda wake anapoteremkia na mitungi. Na yule kijana wa Rhonda au Kaptembwo anaujua kama mtaro unaonuka wakati wa kiangazi, halafu mvua ikinyesha huko juu unataka kuingia nyumbani bila hodi. Ni mto ule ule mmoja, wa kilomita karibu 60 tu, lakini ukiwasikiliza watu hawa watatu utadhani wanazungumza juu ya mito mitatu.

Kwa sababu hiyo tunawahimiza vikundi wautembee mto wote angalau mara moja, kwa vipande, siku mbili au tatu. Si kazi ya watalii peke yao kwenda kutazama ndege na wanyama. Wanyama wa mtoni ni kama daftari: wanaonyesha hali ya maji kabla sisi hatujaanza kuumwa matumbo.

Hebu tuanze juu. Mto unazaliwa katika msitu wa Mau Mashariki, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi na ukungu, kwa hivyo mchukue sweta na viatu vya mpira. Mtaona mianzi, mitarakwa, podo na mizeituni ya mwituni iliyovaa kuvu kama ndevu za mzee. Mkisikia juu ya miti mngurumo kama pikipiki inayokataa kuwaka, huyo ni mbega. Ni nyani mweusi mwenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkia kama ufagio. Hana kidole gumba, na chakula chake kikubwa ni majani. Mbega hapendi kutembea chini. Anaruka kutoka mti hadi mti. Basi pale miti inapokatika, na njia yake imekatika. Ukiona kundi la mbega limebaki katika kijisitu kidogo katikati ya mashamba, ujue hao wamefungiwa hapo kama kwenye kisiwa.

Chini ya miti hiyo shikeni udongo kwa mkono. Ni mweusi na mlaini, umefunikwa na majani yaliyooza, kama godoro. Mvua ikinyesha godoro hili linanyonya maji na kuyaachilia polepole, wiki baada ya wiki, hata mwezi wa Februari ambapo mbingu ni kavu. Jina Njoro lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la chemchemi. Waliolipa mto jina hilo walijua walichokuwa wanakiona.

Waogiek wamekaa katika msitu huu tangu zamani, na mpaka leo mtaona mizinga yao ya magogo imening'inizwa mitini, kwa maana asali yao hutegemea maua ya miti ya asili. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka kwa msitu wa hifadhi, ili watu wapewe mashamba. Miti mingi ikaanguka. Waogiek walikwenda hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Tunayataja haya kwa sababu mkitembea huko mtapita katikati ya viazi na mahindi mahali ambapo wazee watawaambia palikuwa msitu, na si vizuri kupita kama vipofu. Tena wakulima waliomo humo ni watu kama sisi, wana watoto wa kusomesha. Salimieni, ulizeni, msihukumu.

Mkishuka mtafika karibu na Egerton, chuo kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939. Walimu na wanafunzi wa hapo wameuchunguza mto huu miaka mingi, hata wadudu wake. Nanyi mnaweza kufanya uchunguzi wa namna hiyo bila mashine yoyote. Ingieni mahali maji ni ya kina cha goti, mgeuze jiwe, mtazame chini yake. Mkikuta vijidudu bapa vinavyong'ang'ania jiwe, vyenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi, mfurahi: hao wanataka maji baridi yenye hewa nyingi. Mkikuta vijiminyoo vyekundu tu ndani ya tope, basi maji hayo yamechoka. Yana uchafu mwingi na hewa kidogo. Fanyeni hivyo juu ya mahali ng'ombe na punda wanapoteremkia, kisha fanyeni tena chini yake. Watoto wanalipenda zoezi hili kuliko watu wazima. Lakini tusidanganyane: vijidudu vizuri havisemi kwamba maji ni ya kunywa. Maji ya mto yachemshwe.

Mtazame pia kando. Pale ukingo una mizambarau ya mwituni na mikuyu, mdiria, yule ndege wa samawati mwenye mdomo mrefu, hukaa juu ya tawi akingoja kuchupia maji. Pale shamba limelimwa mpaka ukingoni hamna tawi la kukalia, na udongo umemomonyoka ukaingia mtoni. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka kwamba ukingo uachwe kila upande, mita 6 kwa uchache na mita 30 kwa wingi, kulingana na upana wa mto. Wengi husema hiyo ni kunyang'anywa shamba. Sisi tumeona kwamba ukingo wenye nepia na miti ya asili hulisha ng'ombe na kuzuia shamba lenyewe lisiende na maji. Mikaratusi, ile tunayoiita blugamu, msiipande hapo. Inakunywa sana.

Kutoka Njoro mjini kwenda chini, safari inaanza kuhuzunisha. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini siku hizi kiangazi kikali kikija sehemu ya chini hukauka, mkabaki mchanga, mawe na mifuko ya plastiki. Halafu mnafika Ziwa Nakuru, na ziwa limefurika! Hapo ndipo kila kikundi huuliza: mto unakauka vipi na ziwa linajaa?

Jibu liko kule kwenye godoro. Pale msitu ulipoondoka mvua hainyonywi sana tena. Inateremka yote kwa pamoja, kwa siku chache, ikibeba udongo, na baada ya hapo hakuna kitu. Ziwa halina mlango wa kutokea, kwa hivyo lililoingia limeingia. Kubwa zaidi ni kwamba mvua zenyewe zimeongezeka katika Bonde la Ufa tangu mwaka 2010 hivi, na ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilisema hiyo ndiyo sababu kuu ya maziwa kupanda. Ziwa Nakuru, ambalo katika miaka ya 1990 lilikaribia kukauka kabisa, limepita kilomita za mraba 60 kutoka 40 hivi. Lango kuu la hifadhi lilimezwa na maji, na majirani wa upande wa Mwariki walihama nyumba zao.

Heroe, wale flamingo wetu, wameonja badiliko hilo. Wakati mmoja walihesabiwa zaidi ya milioni moja hapa. Heroe mdogo hula mwani wa kijani unaokua katika maji ya magadi. Maji matamu yakizidi, mwani unapungua, naye anahamia Bogoria. Wamebaki mwari wanaokula samaki, na migunga ya manjano iliyokufa imesimama ndani ya maji kama nguzo za simu. Vifaru, twiga na nyati bado wapo.

Kwa upande wa mipango: msituni mwombe ruhusa kwa kituo cha Huduma ya Misitu na mtembee na mwenyeji, kwa maana nyati si mtu wa mzaha. Hifadhini mlipe kiingilio na mkae ndani ya gari. Mkiwa na daftari, andikeni mahali na tarehe ya kila mlichokiona, kisha mpeleke kwa mkutano wa chama cha watumiaji maji, mahali ambapo mtu wa juu na mtu wa chini wanaketi benchi moja. Mkitembea Januari, pigeni kijiti kwenye ukingo, mtie alama pale maji yanapofika, na mrudi Mei kukitafuta.