Ufunguo Uko Mkononi mwa Nani?

Wahenga walinena ya kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Leo twawaomba wasomaji wetu waupime ukweli wa maneno hayo katika Marekani, nchi yenye mali nyingi, na katika chombo ambacho wazee wetu hawakukiona hata ndotoni: motokaa isiyokunywa petroli, iendayo kwa umeme uliowekwa akiba ndani ya betri.

Mwezi wa Septemba, 2017, tufani iliyoitwa Irma iliijia Florida. Jimbo lile limeingia baharini mfano wa kidole. Anayeikimbia tufani hana pa kwenda ila kaskazini, pamoja na jirani zake wote. Watu zaidi ya milioni 6 walitakiwa kuhama majumbani mwao. Wale wa visiwa vya kusini walikuwa na barabara moja tu ya kuwatoa, ipitayo juu ya madaraja toka kisiwa hata kisiwa. Vituo vingi vya petroli vilikaukiwa kabla tufani haijafika.

Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo wenye motokaa za umeme za kampuni ya Tesla. Baadhi ya motokaa hizo ziliuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Betri yake iliweza kuchukua umeme wa kilowati-saa 75, lakini mwenye gari aliruhusiwa kutumia kiasi cha 60 tu. Sehemu iliyobaki ilifungwa, si kwa kufuli ya chuma, bali kwa amri iliyoandikwa ndani ya mashine. Na aliyetaka kufunguliwa alidaiwa maelfu ya dola. Tufani ilipokaribia, mtu mmoja aliiomba kampuni imwongezee mwendo. Kampuni ikafungua toka mbali, pasipo fundi kuligusa gari, ikawafungulia na wengine waliokuwa katika njia ya tufani, mpaka tarehe 16 Septemba. Walipata kiasi cha maili 30 zaidi.

Hatuibezi hisani hiyo. Maili 30 zaweza kuwa ndizo zitenganazo uhai na mauti. Lakini mfanyakazi yeyote ana haki ya kuuliza: kitu nilichokinunua kwa jasho langu, nami nimekibeba uzito wake kila siku, imekuwaje ufunguo wake ukae kwa mwingine? Naye asingekuwa na huruma siku ile, ingekuwaje? Hisani si haki; apendaye kukupa leo aweza kukunyima kesho.

Mtu asidhani ya kwamba twailaumu motokaa ya umeme yenyewe. Katika msongamano ina faida yake, kwa maana isimamapo haichomi kitu, isipokuwa umeme kidogo wa kupoza hewa. Mwaka 2005, watu wa Houston walipoikimbia tufani ya Rita, magari mengi ya petroli yaliungurumia pale pale barabarani hata yakaishiwa. Watu wapatao 100 walikufa katika kuhama huko, wengi kuliko waliouawa na tufani yenyewe. Na katika hao wamo wazee 23 walioungua ndani ya basi moja.

Hata hivyo umeme nao una masharti yake. Mwendo wa kasi huimaliza betri upesi. Kuijaza njiani huchukua nusu saa au zaidi, na nyumbani huchukua usiku kucha. Nyaya zikikatika hakuna cha kujaza. Tena maji ya chumvi ni adui yake: baada ya tufani ya Ian, mwaka 2022, motokaa kadha wa kadha zilizofurikiwa ziliwaka moto. Kwa hiyo chombo hiki humfaa yule aliyefanya kama wanawali watano wenye busara, akaitia taa yake mafuta mapema.

Lakini je, asiye na taa kabisa? Mwezi wa Agosti, 2005, New Orleans iliamriwa kuhama siku moja tu kabla ya tufani ya Katrina. Mwenye gari aliondoka. Maelfu kwa maelfu wasio na gari walibaki, wengi wao maskini na Waamerika weusi. Na mabasi ya shule ambayo yangeweza kuwachukua yalionekana baadaye yamesimama safu safu, maji yamefika madirishani. Magari yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaamuru yaende kwa ajili ya wanyonge.

Irma hiyo hiyo, kabla ya kufika Florida, iliipiga Kuba. Huko walihamishwa watu zaidi ya milioni moja, wengi wakipokewa na ndugu na jirani. Watu 10 walikufa, wala hatusemi msiba huo ulikuwa mdogo. Twasema tu ya kwamba katika nchi isiyo na magari mengi, kila mtaa ulijua nani atachukuliwa na nani atapelekwa wapi.

Na sisi tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Lindi ilipigwa na tufani mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya ilitua Mafia. Hapana budi kila balozi wa shina ajue, kabla mawingu hayajatanda, ni kikongwe gani asiyeweza kutembea, ni mama gani mwenye watoto wachanga, ni lori la nani litakalowabeba, na ufunguo wa lori hilo umetundikwa wapi. Tena ajue jina la dereva, na dereva ajue ya kuwa anangojewa.